Taa ya oili inawaka nikishamaliza mlima Kitonga, asubuhi presha iko juu. Nishushe injini au?

#1 Semi_Moja
Wakuu salaam. Nina Scania 124L 420, moja tu, ndiyo inayosomesha watoto, kwa hiyo utani uje baadaye. Niliinunua kwa mtu mwaka jana. Inapiga Dar–Tunduma na mara mojamoja inavuka hadi Lubumbashi.

Asubuhi ikiwashwa, mshale wa presha ya oili unapanda hadi bar 4 na kitu. Ikishapata moto, kwenye mwendo inasoma 2 hivi. Kimbembe ni ikimaliza kupanda Kitonga. Dereva akifika Ilula akasimama, gari ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), mshale unalala karibu na sifuri na taa nyekundu ya oili inapepesa. Akikanyaga mafuta kidogo, taa inazima. Injini haigongi, moshi ni wa kawaida, nguvu ipo palepale.

Imeanza baada ya sevisi ya kwanza kuifanya mimi. Fundi wa kwanza kasema metali za krenki (beringi zinazobeba krenki ndani ya injini) zimekwisha, nishushe injini. Wa pili kasema pampu ya oili. Wa tatu kasema nimwage oili nzito niendelee na maisha. Bei za hao watatu hazijuani kabisa. Nimsikilize nani?

#2 Fundi Spana 32
Metali hizo. Moto, sailensi, presha chini. Shusha, usizunguke.

#3 Utingo Mstaafu
#2 umeipima ukiwa usingizini? Hata hujauliza ina oili gani ndani.

#4 Mama Tela
Mdogo wangu Semi_Moja, pole. Nikusimulie yaliyonikuta miaka michache nyuma. Taa ya oili iliwaka kwenye sailensi hivyohivyo. Gereji moja ikanishusha injini nzima: metali mpya, pampu mpya, gaskiti zote, gari ikalala uani wiki tatu huku mwenye mzigo ananipigia simu kila saa. Ikafungwa, ikawashwa. Taa hii hapa, inawaka!

Akaja kijana wa umeme, wala hakufungua nati hata moja. Akaifuata waya ya sensa kwa mkono mpaka karibu na mabano ya injini, akaikuta imesagika ganda, inagusa chuma. Ile taa inawaka waya ikigusa bodi, basi. Kwenye sailensi injini inatikisika waya inagusa, ukikanyaga mafuta inatulia. Nilimlipa elfu ishirini na soda. Zile metali za zamani ninazo mpaka leo, hazina hata mkwaruzo wa maana.

#5 Semi_Moja
Duh, pole sana mama. Oili ni 15W-40, lita 30 na ushee, filta mpya. Nilisahau kusema: huo mshale si wa kiwandani. Aliyekuwa nayo kabla yangu alifunga geji ya ziada kwenye dashibodi.

#6 Kipimo Kwanza
Hapo kwenye #5 ndipo pa kuanzia. Geji za kufunga huuzwa kipande kipande, mshale kivyake na sensa kivyake. Sensa zilizozoeleka ni za kampuni ya VDO, zipo za bar 5 na za bar 10, na zote zinatoa ukinzani wa omu 10 hadi 180. Kwa macho ni pacha. Ukifunga sensa ya bar 10 kwenye mshale wa bar 5, unasoma nusu ya presha iliyopo. Kwa hiyo 2 yako inaweza kuwa 4, na gari ni nzima kabisa.

Futa vumbi kwenye sensa usome namba iliyogongwa ubavuni. Halafu, kabla hujampa fundi yeyote hata shilingi, toa sensa, funga geji ya mkono yenye bomba palepale, pima injini ikiwa ya moto. Msidai injini ishushwe kwa sababu ya mshale wa dukani.

#7 Fundi Spana 32
Sawa profesa. Na taa nayo imefungiwa sensa ya bar 10? Taa ina swichi yake, haijui habari za mshale. Viwili vinasema kitu kimoja, wewe unavibishia vyote.

#8 Kipimo Kwanza
Hoja hiyo naikubali, taa ni ushahidi wa pembeni. Ila #4 kaeleza taa inavyoweza kudanganya peke yake. Mashahidi wawili waongo hawafanyi ukweli mmoja. Apime.

#9 Mzee wa Kitonga
Nimepanda Kitonga miaka 19. Kule juu hewa ni nyepesi, presha ya kila kitu inashuka, hata ya matairi. Asihangaike, akirudi Dar itapanda.

#10 mwalimu wa zamu
Mzee wangu, shikamoo, lakini hapana. Geji inapima oili ikilinganishwa na hewa iliyoizunguka, kwa hiyo mwinuko wa Iringa hauwezi kukushushia bar 2. Tena tairi ukiipandisha mlimani geji husoma juu kidogo, siyo chini. Kinachobadilika Kitonga ni joto. Gari imebeba mzigo, gia ndogo, mwendo wa kinyonga, upepo hauingii kwenye rejeta, oili inachemka na kuwa nyepesi kama chai. Oili nyepesi inapenya kila upenyo. Ndiyo maana asubuhi ya baridi Makambako presha inasoma vizuri hata kwenye injini iliyochoka.

#11 Mzee wa Kitonga
Marahaba. Basi ni joto. Si nimesema Kitonga?

#12 Rota
Pampu haitengenezi presha, pampu inasukuma oili. Presha inatokana na oili kubanwa njiani. Chukua bomba la maji la mtaa. Majirani wa bondeni wakifungua koki zote, nyumba ya mlimani inapata matone, na mashine ya kusukuma maji haina kosa lolote. Metali zikilika, koki zimefunguka. Bushi za kamshafti zikilika, koki nyingine. Nozeli ya kupoozea pistoni ikikatika au ikilegea, hiyo siyo koki tena, ni bomba limepasuka, na watu wengi hawaiangalii kwa sababu metali ndizo zinazoimbwa.

Mimi ninavyosoma dalili: presha ikiwa mbaya kwenye sailensi tu na gari ikiwa ya moto, nafikiria uchakavu. Ikiwa mbaya muda wote, hata ukikanyaga, nafikiria valvu ya kupunguzia presha imekwama wazi au springi imekufa. Mshale ukicheza juu chini, hasa kwenye mteremko au oili ikipungua, nafikiria bomba la kufyonzea linavuta hewa.

Semi_Moja, sevisi hiyo waligusa nini zaidi ya oili na filta?

#13 Semi_Moja
Nimempigia fundi aliyefanya sevisi. Kumbe walishusha na sampu (bakuli la oili chini ya injini) kwa sababu ilikuwa inavuja. Wakaifunga kwa silikoni.

#14 Utingo Mstaafu
HAYO SASA! Umekaa nayo hiyo tangu #1.

#15 Chifu wa Meli
Salaam kutoka Mtwara. Silikoni ikipakwa kama siagi kwenye mkate, nusu inabanwa kuingia ndani. Inakauka, inakatika vipande, inasafiri hadi kwenye chujio la sampu. Injini ikiwa ya baridi unaweza usione kitu, oili ikizunguka kwa kasi vipande vinavutwa na kubandika kwenye wavu. Nimetoa mikono miwili ya silikoni nyekundu kwenye injini ya boti iliyokuwa "imekwisha metali".

Na kama walichomoa bomba la kufyonzea wakarudisha oringi (pete ya mpira) ya zamani, pampu inakunywa hewa. Fungua sampu tena. Ni kazi ya nusu siku.

#16 Fundi Spana 32
Chujio likiziba presha inashuka zaidi kwenye mizunguko mikubwa, kwa sababu pampu inataka oili nyingi isiyopatikana. Yeye akikanyaga inapanda. Kwa hiyo silikoni siyo. Narudi kwenye metali.

#17 Chifu wa Meli
Likiziba lote, uko sahihi. Likiziba robo, au oringi ikiwa imechoka, pampu iliyochoka nayo inashindwa kwenye mizunguko midogo kwanza. Matatizo yanaweza kuwa mawili kwa mpigo, fundi. Injini haijasaini mkataba wa kuugua ugonjwa mmoja.

#18 Bwana Mariakani
Hamjambo huko. Niko Mombasa, gari zangu zapita Mariakani hadi Malaba. Sisi huku gereji za Changamwe tuna kanuni ya kale: psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 ya injini kwa dakika. Hiyo bar 2 ni psi 29. Kwa mizunguko 1,500 wahitaji psi 15 tu. Gari yake nzima, bwana, mwamtisha mwenzenu bure.

#19 Rota
Kanuni hiyo ni ya mtaani, inafaa kukutoa porini. Kila injini ina kitabu chake. Ya Scania hii inasema bar 3 hadi 6 ikiwa na joto la kazi kwenye mizunguko ya kazi, na isipungue bar 0.7 kwenye sailensi. Kwa kitabu, 2 ni mbovu. Kwa Changamwe, 2 ni sikukuu.

#20 Bwana Mariakani
Changamwe gari zatembea lakini.

#21 Dogo Janja wa Spea
Mimi nauza spea, nitawaambia siri. Aliyeuza gari alimwagia kwenye oili ile dawa nzito inayovutika kama asali. Wanaotaka kuuza wanafanya hivyo, presha inasimama vizuri siku mteja anakuja na fundi wake. Wewe ukamwaga oili kwenye sevisi ya kwanza, dawa ikaenda nayo, gari ikaonyesha sura yake. Ndiyo maana "imeanza baada ya sevisi". Sevisi haikuharibu kitu, imekuvua miwani tu.

#22 Semi_Moja
#21 umenikosesha usingizi. Ile oili ya kwanza niliyomwaga ilikuwa inashuka taratibu mno. Nikasema ubaridi.

#23 Utingo Mstaafu
Ubaridi wa Mbagala?

#24 Mama Tela
😂😂 Mwacheni jamani.

#25 mwalimu wa zamu
Swali lingine. Stiki ya kupimia oili inasomaje sasa hivi ukilinganisha na siku ya sevisi? Dizeli ikiingia kwenye oili, kiasi kinapanda badala ya kupungua, na oili inakuwa maji.

#26 Semi_Moja
Nimemwambia dereva apime sasa hivi, yupo Chalinze. Anasema imepita alama ya juu kidogo. Nilidhani waliijaza kupita kiasi.

#27 Kipimo Kwanza
Tunaongeza mshukiwa. Injini hiyo ya 420 kila silinda ina pampu-nozeli yake iliyozama kwenye kichwa, inapata dizeli kutoka kwenye mfereji wa ndani, na kinachozuia ni oringi. Oringi ikichoka, dizeli inashuka kwa ndani hadi sampu. Hakuna moshi, hakuna tone chini ya gari. Anuse stiki. Adondoshe tone moja kwenye karatasi nyeupe ya kunyonya, aiache. Doa jeusi la katikati likizungukwa na pete pana ya mafuta inayozidi kutambaa, wasiwasi uanze. Siyo maabara, lakini ni bure.

#28 Papa Lushi
Jambo bandugu. Miye niko huku Lubumbashi. Ile mambo ya dizeli ni kweli. Ku Kasumbalesa kamio inapanga mulolongo masiku mingi, shofere analala mu kabini, moteri inatembea usiku muzima juu ya baridi ya mwezi wa sita. Moteri haipate moto muzuri, mazuti haiunguke yote, inashuka mu mafuta. Muulize shofere wako kama anazimaka.

#29 Mzee wa Kitonga
Ahsante Papa. Na mafuta ya kuwashia usiku kucha analipa nani? Mwenye gari. Halafu dereva anasema "bosi, gari inakula".

#30 Dogo Janja wa Spea
Kwa wengine dizeli haiungui usiku, inauzwa usiku. Naishia hapo.

#31 Mama Tela
#30 usitugombanishe na madereva wetu. Wangu ana miaka tisa, namwamini kuliko wajomba zangu.

#32 Utingo Mstaafu
Turudi kwenye uzi. Hakuna aliyeuliza maji. Rangi ya oili ikoje? Rejeta inapungua?

#33 Semi_Moja
Maji hayapungui. Oili ni nyeusi ya kawaida, siyo ya maziwa.

#34 Chifu wa Meli
Vizuri, lakini angalia pia kama kuna oili juu ya maji kwenye tangi la rejeta. Injini ikifanya kazi, presha ya oili ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo kipoozeo cha oili kikitoboka, oili inaingia kwenye maji. Ukizima, oili inatulia wakati maji ya moto bado yana presha, ndipo yanarudi upande wa oili. Wengi wanatazama stiki tu.

#35 Rota
Na jina langu lisiende bure. Injini hii ina kisafishio cha oili kinachozunguka, pembeni ya filta ya kawaida. Mkimaliza safari na injini ikiwa ya moto, zimeni, mtegee sikio au mkono juu ya kikombe. Rota inaendelea kuzunguka na kuvuma kwa muda. Kimya kabisa? Ama presha haifiki, ama aliyeifungua kwenye sevisi aliifunga vibaya. Ndani yake uchafu unaganda ukutani kama lami, usizidi milimita 20. Ukikuta ukuta msafi wakati kilometa zimeshakwenda, hapo hakuna kusherehekea: rota haikuzunguka.

#36 Fundi Spana 32
Watu wanasikiliza vikombe sasa. Siku zetu tulifungua sampu, tunatoa kifuniko kimoja cha metali, tunatazama. Rangi ya shaba ikitokea, mjadala kwisha. Dakika chache, hakuna redio.

#37 Kipimo Kwanza
Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu nakubaliana na Fundi Spana. Kama sampu inashushwa kwa ajili ya silikoni, kifuniko kimoja kitazamwe hapohapo. Na filta muikate, mtandaze mikunjo yake, muangalie chembe zinazong'aa.

#38 Fundi Spana 32
Andikeni tarehe.

#39 Jirani wa Mikumi
Mimi nitasema moja tu. Bosi wangu wa zamani aliambiwa taa inawaka, akajibu "endesha tu, hiyo ni sensa". Nikaendesha. Kondirodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ilitoboa bloku ndani ya hifadhi ya Mikumi saa mbili usiku. Nililala juu ya kabini na utingo wangu tukisikiliza vitu vinapumua chini. Sensa ilikuwa nzima.

#40 Mama Tela
Mungu wangu. Na mimi nilifundisha watu kwenye #4 kuwa ni waya.

#41 Semi_Moja
Wakuu, mrejesho. Nimepata geji ya mkono kwa jirani. Gari imezungushwa na mzigo mpaka ikapata moto, tumefunga palepale pa sensa. Mizunguko 1,500: bar 3.1. Sailensi: bar 0.6. Sensa ya ule mshale imeandikwa bar 10, na mshale wenyewe mwisho wake ni 5. Kipimo Kwanza, heshima yako.

#42 Bwana Mariakani
Bar 0.6 ni karibu psi 9. Kwa sailensi ya mizunguko 500 wahitaji psi 5. Pakia mzigo, bwana.

#43 Rota
Kitabu kinasema 0.7. Una 0.6. Ujue uko mlangoni.

#44 Fundi Spana 32
0.6 = metali.

#45 Dogo Janja wa Spea
0.6 = dawa ya asali ilimwagwa.

#46 mwalimu wa zamu
Hiyo geji ya jirani mwisho wake ni ngapi?

#47 Semi_Moja
16. Alikuwa anaitumia kwenye kompresa ya upepo.

#48 mwalimu wa zamu
Angalia kwenye uso wake kama imeandikwa daraja 2.5. Geji ya namna hiyo inaruhusiwa kukosea asilimia 2.5 ya kipimo chake chote, yaani bar 0.4, popote pale kwenye uso. Kwa hiyo 0.6 yako inaweza kuwa 0.2, na inaweza kuwa 1.0. Ile 3.1 bado ina maana. Kwa sailensi hujapima kitu. Tafuta geji fupi, ya bar 4 au 6.

#49 Semi_Moja
Imeandikwa 2.5. 🤦🏾

#50 Utingo Mstaafu
Kurasa tatu, na tumefika pale tulipoanzia, tofauti ni kwamba sasa tuna desimali.

#51 Kipimo Kwanza
Siyo kweli. Tumejua mshale ulikuwa unadanganya nusu. Tumejua kwenye mwendo iko karibu na 3. Tumejua stiki imepanda bila sababu. Mimi ningeanza na dizeli, nimwage oili yote, niweke mpya, nipime upya kwa geji fupi, halafu nifuatilie stiki kila siku.

#52 Chifu wa Meli
Mimi ningeanza na sampu. Oili unaimwaga ili uifungue, kwa hiyo vyote viwili kwa lita zilezile. Ukimwaga bila kufungua, utamwaga mara ya pili. Na kabla ya kumwaga, kinga kidogo kwenye chupa safi, katikati ya mtiririko. Zipo maabara Dar zinazopima oili iliyotumika. Zitakuambia dizeli ni asilimia ngapi, na shaba na risasi vikoje. Metali zikiwa zinalika itasomeka humo kabla ya kugonga.

#53 Fundi Spana 32
Chifu, hapo kwenye shaba na risasi umenigusa.

#54 Semi_Moja
Nashukuru wote. Changamoto ni kwamba gari ina mzigo wa watu, inatoka kesho alfajiri hadi Mbeya. Sampu itashushwa ikirudi. Leo nabadili oili na filta, chupa nimekinga, geji ya bar 6 nimenunua, imefungwa bomba refu hadi kabini. Dereva ana amri tatu: asilale gari ikiwa imewashwa, Kitonga apande taratibu, Ilula asimame apige picha ya geji. Ikishuka chini ya 0.5 anazima na kunipigia.

#55 Jirani wa Mikumi
Ikishuka azime Ilula, siyo Mikumi. Nimemaliza.

#56 Mama Tela
Hilo bomba la kabini alifunge mbali na eksozi, likiyeyuka oili ya moto inamrukia miguuni. Na ile waya ya taa aipapase. Bado naiamini kidogo.

#57 Mzee wa Kitonga
Akisimama Ilula aniletee tenga moja la nyanya akirudi, nitamlipa Morogoro.